Virusi vya Porini na Kambi Zetu

Maoni baada ya taarifa ya habari, kwa wanajeshi na askari polisi



Tarehe 25 Julai mwaka 2024 Wizara ya Afya ya Umma ilitangaza kwamba ugonjwa wa mpox, ambao hapo awali uliitwa ndui ya nyani, umeingia nchini Burundi. Wagonjwa wa kwanza waliothibitishwa na maabara walikuwa watatu. Kufikia miezi ya kwanza ya mwaka 2025 idadi yao ilikuwa imepita 3,000, na jiji la Bujumbura ndilo lililoelemewa kuliko mahali pengine. Waliofariki walikuwa wachache mno, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wodi zilijaa, familia zilitengana, na watoto wadogo waliugua pamoja na wazazi wao.

Tangu siku zile swali moja limekuwa likiulizwa, sokoni na hata katika mabweni ya askari: ugonjwa huu ulikuwa wapi siku zote hizo? Kama ni mpya, umetoka kwa nani? Na kama ni wa zamani, ulijificha katika nyumba ya nani? Swali hili ni la haki, na askari ndiye mwenye sababu kubwa ya kuliuliza, kwani yeye hulala porini wakati raia amelala kitandani, na husimama njiani ambako watu, ng'ombe na mizigo hupita.

Ili kulijibu, hatuna budi kuutazama kwanza ugonjwa mwingine ambao haupo tena. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizo ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, nchi ambayo wengi wenu mmeifahamu kwa miguu yenu tangu vikosi vyetu vilipofika Mogadishu mwezi Desemba 2007. Maalin aliugua Oktoba 1977, akapona. Mwezi Mei 1980 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukatangaza kwamba ndui imekwisha. Ilikwisha kwa kuwa chanjo ilikuwa nzuri na watumishi walikuwa hodari. Lakini ilikuwapo sababu nyingine ambayo haitajwi mara nyingi: ndui haikuwa na mnyama wa kuikaribisha. Virusi vyake viliishi ndani ya binadamu peke yake. Mgonjwa wa mwisho alipopona bila kumwambukiza mwenziwe, havikuwa na pa kukimbilia.

Mpox sivyo. Na jina lile la kwanza lilipotosha watu wengi. Virusi vyake viligunduliwa mwaka 1958 katika maabara ya Copenhagen, nchini Denmark, katika kima waliofugwa kwa ajili ya utafiti. Kwa hiyo kima akabandikwa lawama. Kumbe kima huambukizwa na kuugua kama tunavyougua sisi. Binadamu wa kwanza kujulikana kuwa na ugonjwa huo alikuwa mtoto wa miezi 9, huko Basankusu katika nchi jirani ya Kongo, mwaka 1970. Miaka 15 baadaye, mwaka 1985, virusi hivyo vilipatikana katika kindi wa msituni, huko huko Kongo. Wataalamu wengi leo huwatazama kindi na panya wa misitu kuwa ndio wenye kuvihifadhi, ingawa ni wanyama wachache sana wa porini ambao wamekamatwa na virusi vyenyewe.

Yafaa hapa tueleze maana ya kuhifadhi, maana ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Kirusi hakina mguu wala bawa, wala hakiwezi kuzaana nje ya mwili wa kiumbe hai. Kikimwua mwenyeji wake upesi, kimechoma kibanda kinacholala. Kikimwacha apone, mwili wake hujifunza kukitambua, na mlango hufungwa. Basi ili kiishi miaka na miaka, chahitaji kundi kubwa ambamo daima wanaingia wageni wasiokijua. Surua hufuata sheria hiyo hiyo kwa binadamu: katika kisiwa chenye watu wachache huwaka mara moja ikazimika, lakini katika mji wa watu laki kadhaa haikosi mtoto mpya wa kumshika, nayo hudumu. Kwa lugha ya kambini twaweza kusema hivi: kirusi huishi kwa makuruta. Askari wa zamani wamekwisha kukizoea. Wale walioingia jana ndio riziki yake.

Hakuna mahali ambapo jambo hili limechunguzwa vizuri kama katika mapango ya Uganda. Mwaka 1967, wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade nchini Yugoslavia, waliugua homa kali ya kutoka damu baada ya kuwapasua tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Walioambukizwa walikuwa 31, na 7 walikufa. Ugonjwa ukaitwa Marburg, kwa jina la mji ulikoonekana, si kwa jina la mahali ulikotoka. Tumbili walishukiwa kwa miaka mingi. Lakini tumbili wenyewe hufa kwa homa hiyo, na mwenye kufa hawezi kuwa mtunza ghala.

Ilipita miaka 40 kabla mtunza ghala hajafahamika. Kati ya mwaka 1998 na 2000 wachimbaji dhahabu wa Durba, kaskazini-mashariki ya Kongo, waliugua kwa zamu zisizoeleweka: walihesabiwa wagonjwa 154, na 128 kati yao wakafa. Virusi vilipochunguzwa, vilionekana kuwa vya koo mbalimbali, maana yake watu walikuwa wakiambukizwa upya, tena na tena, kutoka mahali pamoja. Mgodi ulipofurika maji, ugonjwa ukakoma. Kisha mwaka 2007 wakaugua wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi ya Uganda, mgodi uliokuwa na popo zaidi ya 100,000. Humo ndimo watafiti walipovitoa virusi hai vya Marburg katika miili ya popo wale wakubwa wala matunda, wapendao kulala mapangoni. Popo hao walikuwa wazima kabisa. Walikula, wakaruka, wakazaa.

Kazi ikaendelea katika Pango la Chatu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambako mtalii mmoja kutoka Uholanzi alitembelea mwaka 2008, akarudi kwao, akafa kwa Marburg. Hakuwa mchimbaji wala mwindaji. Aliingia tu kutazama. Watafiti waligundua kwamba, kwa wastani, kati ya popo 100 wa pango hilo, wawili au watatu walikuwa na virusi hai wakati wowote. Idadi ndogo, mtu atasema. Lakini walipowatazama popo vijana wa umri wa miezi sita hivi, waliowekwa kando na mama zao na wasio na kinga, hesabu ilipanda ikapita 10 katika 100. Popo hao huzaa mara mbili kwa mwaka. Basi mara mbili kwa mwaka makuruta huingia, na mara mbili kwa mwaka moto ule mdogo huchochewa. Walipolinganisha tarehe hizo na tarehe ambazo binadamu waliambukizwa huko nyuma, sehemu kubwa ya maambukizo iliangukia katika misimu hiyo hiyo.

Sasa lisikilizeni hili kwa makini, kwa sababu ndipo desturi ya askari inapoweza kumdanganya. Baada ya msiba wa Kitaka, watu wa mgodi walifanya kile ambacho kila mtu aliyefundishwa kupambana na adui angekifikiria: waliwaangamiza popo. Walifanya kazi hiyo kwa bidii, na mgodi ukawa mtupu. Mwezi Oktoba 2012 Marburg ilizuka katika mji wa Ibanda, umbali wa kilometa 20 hivi kutoka mgodi huo. Watafiti waliporudi Kitaka walikuta popo wameanza kurejea, wachache sana kuliko wale wa kwanza. Lakini virusi vilikuwamo katika popo 13 kati ya 100, ambapo kabla ya maangamizi vilikuwamo katika 5 tu. Wataalamu wanaona sababu yake hivi: nafasi iliyoachwa wazi ilivuta popo wengine kutoka nje, wengi wao wasio na kinga, wakakutana humo na ugonjwa kwa mara ya kwanza. Adui alipigwa, akarudi na nguvu mara mbili. Amri ya kuchoma pango au kufyeka popo katika miti ya mji ni amri ya kuongeza hatari, hata ikitolewa kwa nia njema.

Jambo hili si la mbali. Tarehe 27 Septemba 2024 ndugu zetu wa Rwanda walitangaza kwamba Marburg imeingia kwao. Walithibitishwa wagonjwa 66, wengi wao wauguzi na madaktari, na 15 wakafariki. Uchunguzi uliurudisha mwanzo wake kwa mchimbaji aliyefanya kazi katika mgodi wenye popo wa aina ile ile. Tanzania nayo ilipigwa katika Mkoa wa Kagera mwaka 2023, na tena mwanzoni mwa 2025. Tazameni ramani: Burundi imekaa katikati ya habari hizi zote. Msitu wa Kibira umeungana na ule wa Nyungwe, na popo hasomi alama ya mpaka.

Kwa hiyo kiongozi wa doria anayetafuta mahali pa kupumzisha watu wake asiridhike na kuona kwamba pango ni kavu na lina mlango mmoja. Auulize mwanga wa tochi: je, kuna kinyesi cha popo sakafuni, kuna harufu kali, kuna mabawa darini? Kama vipo, mvua ya usiku kucha ni afadhali. Ikiwa kazi inalazimu kuingia, basi pua na mdomo vifunikwe, mikono ivishwe, wala pasipikwe wala pasiliwe humo. Tunda lililotafunwa na popo liachwe lilipo. Na askari atakayepatwa na homa ndani ya siku 21 baada ya kutoka mahali kama hapo, asiseme kwa daktari kwamba ana malaria tu. Aseme alilala wapi.

Wapo watakaodhani kwamba haya ni mambo ya wachimbaji na watalii. Historia ya majeshi yasema vingine. Katika vita vya Korea, kati ya mwaka 1951 na 1953, askari zaidi ya 3,000 wa majeshi ya Umoja wa Mataifa walishikwa na homa iliyoharibu figo na kuvujisha damu, na madaktari wa mataifa makubwa hawakujua ni nini. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1976, ndipo mtaalamu wa Korea, Ho Wang Lee, alipokipata kirusi chenyewe katika panya wadogo wa mashambani. Panya yule haugui. Hukitoa kirusi katika mkojo na mate yake, mkojo hukauka, hugeuka vumbi, na askari aliyechimba handaki au kufagia kibanda hulivuta vumbi hilo kifuani. Tangu hapo fundisho lake ni la ufagio: ghala la chakula lililoingiliwa na panya halifagiliwi kavu. Hufunguliwa madirisha, hunyunyizwa maji yenye dawa, kisha hupanguswa.

Hata hivyo si haki kumlaumu mnyama wa porini kwa kila jambo. Sotoka iliyoangamiza ng'ombe na nyati wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 iliendelea kuua nyumbu wa Serengeti kwa miaka mingi, na wengi waliamini kwamba nyumbu ndio wenye kuihifadhi. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka mbuga wakachanjwa. Haikuchanjwa nyumbu hata mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ikatoweka katika nyumbu wenyewe, na idadi yao ikapanda kutoka robo milioni hivi hadi zaidi ya milioni moja katika muda wa miaka 15 au 16. Ghala lilikuwa zizini, si mbugani. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Kichaa cha mbwa vile vile: katika nchi zetu anayekidumisha ni mbwa wa nyumbani, na wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, mnyororo hukatika. Je, mbwa wanaozungukazunguka jikoni mwa kambi yenu ni wa nani, na nani amewachanja? Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende kuchanjwa siku hiyo hiyo, kwani dalili zikianza hakuna dawa.

Homa ya Bonde la Ufa ina ujanja wa namna yake. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, kutokana na kondoo waliokufa karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Kwa nusu karne watu walishangaa: huzuka, hutupa mimba za mifugo, huua watu, kisha hupotea miaka 5, miaka 10. Katika miaka ya 1980 watafiti nchini Kenya walikuta virusi vyake katika mbu waliotokana na mayai yaliyotagwa kwenye mabonde yanayokauka. Mbu mama huvirithisha kwa yai, na yai hulala katika udongo mkavu likingoja mafuriko. Mvua kubwa ya mwaka 1997 iliuamsha ugonjwa huo Kenya na Somalia. Ile ya mwishoni mwa 2006 ikaurudisha, ukafika Tanzania, ambako watu zaidi ya 100 walifariki mwaka 2007. Kwetu, mwaka 2022, uliua ng'ombe upande wa kaskazini, na Serikali ikapiga marufuku kuhamisha mifugo.

Amri ile ilikuwa juu ya mabega ya nani, kama si polisi wa kizuizini? Mfugaji anayekuja na ng'ombe watatu usiku haji kwa uovu. Anakuja kwa sababu ana ada ya shule ya kulipa. Ni vigumu kumrudisha. Lakini damu ya ng'ombe mmoja mwenye homa humwambukiza mchinjaji kwa mchubuko mdogo wa kidole, na ndiyo maana noti inayofungua kizuizi usiku ina bei ambayo mpokeaji hakuihesabu. Na tukiwa hapo kizuizini, tuseme wazi kuhusu nyama ya porini inayokamatwa. Inajulikana kwamba si kila mara inafika inakopaswa kufika. Mara nyingine hufika sufuriani. Mzoga wa kima au wa kindi uliokamatwa ni ushahidi, na pengine ni sumu. Ushikwe kwa mikono iliyofunikwa, ukabidhiwe kwa wenye dhamana. Hatari kubwa haiko katika nyama iliyoiva. Iko katika mikono ya anayechuna na kukata.

Turudi kwenye mpox, ambayo ndiyo iliyotuleta hapa. Watu wa Bujumbura hawakuipata kwa kindi. Aina iliyofika kwetu ilitambuliwa katika mji wa dhahabu wa Kamituga, Kivu ya Kusini, na wagonjwa wake wa kwanza waliorodheshwa huko Septemba 2023. Waliposoma chembe za urithi za virusi hivyo, wataalamu waliona alama za kupita kutoka mtu hadi mtu. Zamani ugonjwa huu ulitoka porini, ukamshika mwindaji, pengine na watoto wake, ukaishia hapo. Safari hii ulikuta mji wa wachimbaji, wafanyabiashara na wanawake wanaouza miili yao, ukapita ngozi kwa ngozi, ukapanda magari, ukavuka Rusizi. Na ulikuta makuruta wengi mno. Askari wa zamani wenye kovu la chanjo ya ndui begani wana kinga fulani hata dhidi ya mpox. Lakini chanjo ile ilisimamishwa ndui ilipokwisha. Karibu kila aliyemo katika mabweni leo amezaliwa baadaye, na bega lake ni laini.

Shirika la Afya Duniani, lililotangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024, liliiondoa tarehe 5 Septemba 2025. Kuondolewa kwa dharura si kuondoka kwa virusi. Bweni, blanketi la kuazimana, taulo moja la watu wawili, likizo ya siku tatu mjini: hizo ndizo njia zake. Anayeficha vipele vyake kwa kuona haya, au kwa kuogopa kufutwa katika orodha ya safari, huwalaza wenzake wanane. Hapa makamanda wana kazi kuliko waganga. Askari aliyejitokeza na vipele akifanyiwa mzaha mbele ya gwaride, hakuna mwingine atakayejitokeza. Akitengwa kwa heshima, akalishwa, akalipwa mshahara wake na kurudishwa kazini baada ya wiki mbili, tatu au nne magamba yakisha kudondoka na ngozi mpya kuota, wengine wataona kwamba kusema ukweli hakumpotezei mtu cheo.

Mvua zimekaribia, na doria za mabondeni zitalala kwenye unyevu na mbu. Kila kikosi kihakikishe vyandarua vimehesabiwa na vilivyotoboka vimeshonwa. Mtakapokuta ng'ombe au mbuzi wengi wametupa mimba kwa wakati mmoja, au kima wamekufa pamoja chini ya mti, msiguse. Andikeni mahali, saa na idadi, mpelekee afisa wa mifugo na mganga wa kikosi siku hiyo hiyo.